Alama ya Heri Iliyopakwa Damu



Aishiye kijijini huzijua alama. Jani bichi lililofungwa kwenye mti wa matunda lamwambia mpita njia ya kwamba mti huo una mwenyewe. Ngozi ya chui yamwonyesha mwami. Ngoma hulia arusini, hulia na kwenye matanga. Mtu aliye mbali hutega sikio kwanza, apate kujua kama ni furaha au msiba. Nanyi, siku ile mlipopokelewa kati ya wakatekumeni, mlitiwa alama ya msalaba kwenye paji la uso, tena mlielezwa maana yake, kwa sababu alama isiyoelezwa ni mstari mtupu.

Leo twajifunza historia ya alama nyingine, iitwayo swastika. Mataifa mengi waliipenda kwa muda wa maelfu ya miaka, na wengi wao waliihesabu kuwa alama ya heri. Kisha, kwa muda wa miaka 25 tu, tangu 1920 hata 1945, watu wa chama kimoja katika nchi moja waliitia maana nyingine, ikawa alama ya kutisha. Yafaa tuijue habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, tusimhukumu bure jirani aitumiaye kwa nia njema. Ya pili, tujue jinsi watu waliobatizwa walivyoweza kuifuata bendera ya wauaji, nasi tupate kujilinda.

1. Umbo lake na jina lake

Chora mchangani msalaba wenye mikono minne iliyo sawa kwa urefu. Kisha, mwishoni mwa kila mkono, ongeza mstari mfupi, kama vile mkono wa mtu ukunjwavyo kwenye kiwiko. Mistari hiyo minne yote ifuate mzunguko mmoja, ama kuume, ama kushoto. Hiyo ndiyo swastika. Ukiitazama, yaonekana kama gurudumu linalozunguka.

Jina lake latoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi. Katika lugha hiyo, «su» ni vema, na «asti» ni kuwa. Maneno hayo mawili yakiungana hufanya neno «svasti», yaani hali njema, heri, usalama. Basi swastika ni kitu cha heri. Wataalamu wa Ulaya waliita pia msalaba wa gamma, kwa sababu yafanana na herufi nne za Kigiriki ziitwazo gamma, zilizounganishwa pamoja. Nao Wajerumani huiita Hakenkreuz, maana yake msalaba wa kulabu. Angalieni tofauti: jina la Kihindi lataja heri, jina la Kijerumani lataja umbo tu.

2. Swastika katika nchi za Asia

Hakuna taifa moja liwezalo kusema, «Sisi peke yetu tuliibuni.» Huko Mezine, katika nchi ya Ukraine, wachimbaji walipata ndege mdogo aliyechongwa kwa pembe ya mnyama wa kale afananaye na tembo. Juu ya mwili wake mna mistari iliyopindana kwa namna ya swastika. Kazi hiyo ilifanywa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Katika bonde la mto Indus, ambalo leo sehemu yake kubwa imo katika nchi ya Pakistani, mihuri midogo yenye swastika imepatikana katika magofu ya miji iliyostawi yapata miaka 2,500 kabla ya Kristu.

Wafuasi wa dini ya Kihindu huichora mpaka leo. Mama wa nyumba huichora mlangoni kwa unga au kwa rangi nyekundu, ili heri iingie. Huchorwa siku ya arusi. Mfanya biashara huichora katika ukurasa wa kwanza wa daftari mpya ya hesabu, wakati wa sikukuu ya Diwali, akiomba mwaka uwe na baraka. Wahindu waliovuka bahari kuja kufanya biashara katika Afrika ya Mashariki walikuja na desturi zao, na alama hiyo yaonekana katika mahekalu yao.

Wajaini, watu wa dini nyingine ya Uhindi, ambao hukataa kabisa kuua kiumbe chochote chenye uhai, wameiweka swastika kati ya alama zao kuu. Kwao mikono yake minne yaonyesha hali nne ambazo roho yaweza kuzaliwa ndani yake: hali ya miungu, ya wanadamu, ya wanyama na mimea, na ya walio katika mateso chini. Juu yake huweka vitone vitatu, navyo ni imani iliyo sawa, ujuzi ulio sawa, na mwenendo ulio sawa. Fikirini jambo hili: alama iliyokuja kufunika mauaji makubwa kupita yote ilikuwa tayari alama ya watu wanaoogopa hata kumkanyaga mdudu.

Wafuasi wa Buddha nao waliichukua kutoka Uhindi wakaifikisha Uchina, Korea na Japani. Huchongwa kifuani mwa sanamu za Buddha. Uchina imeingia katika maandiko ikasomwa «wan», neno liwezalo kumaanisha elfu kumi, yaani wingi usiohesabika. Japani huitwa «manji», na katika ramani za nchi hiyo huonyesha mahali palipo hekalu la Wabuddha.

3. Swastika katika Ulaya ya kale, Afrika na Amerika

Wagiriki wa kale waliichora kwenye vyungu vyao, karne nane kabla ya Kristu. Waroma waliipanga kwa vijiwe vya rangi katika sakafu za nyumba zao. Wakristu wa kwanza nao hawakuiogopa: imo katika picha za makaburi yao ya chini ya ardhi huko Roma, yaitwayo katakombi.

Hata Wayahudi waliitumia. Huko Ein Gedi, karibu na Bahari ya Chumvi, wachimbaji walifunua sakafu ya sinagogi ya kale, na katika sakafu hiyo mna swastika nyeusi juu ya vijiwe vyeupe. Wazee wa sinagogi ile walikuwa wakisali juu yake pasipo hofu yoyote. Nani angaliweza kuwaambia ya kwamba siku moja wana wa wana wao watauawa na watu waliovaa mchoro huo mikononi mwao?

Afrika nayo inayo. Huko Lalibela, katika nchi ya Ethiopia, yako makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba mmoja mmoja, na katika kanisa moja, Nyumba ya Maria, mna madirisha yaliyokatwa kwa umbo la swastika. Waakan wa nchi ya Ghana, waliokuwa wakipima vumbi la dhahabu kwa mizani, walitengeneza vipimio vidogo vya shaba, na vingine vilitiwa swastika. Mbali sana, katika bara la Amerika, Wanavaho waliichora mchangani katika sherehe za kuwaponya wagonjwa, nao waliiita gogo linalozunguka.

Je, watu hawa wote walifundishana? Wengine ndiyo, kama Wahindi na Wachina. Lakini si lazima wote wawe wamefundishana. Asukaye mkeka au kikapu ajua ya kwamba mistari miwili ikikutana na kupinda, umbo hili hutokea lenyewe chini ya vidole. Kila taifa likaliona ni zuri, likalitia maana yake.

4. Jinsi ilivyoanza kupotoshwa

Kati ya miaka 1871 na 1873, Mjerumani mmoja tajiri, jina lake Heinrich Schliemann, alichimba kilima cha Hisarlik, katika nchi iitwayo leo Uturuki, akitafuta mji wa kale wa Troia. Alipata huko vigurudumu vingi vya udongo vya kusokotea nyuzi, na vingi vyao vilikuwa na swastika. Akakumbuka ya kwamba aliona mchoro huo katika vyombo vya kale vya Ujerumani pia. Akadhani ya kwamba ni alama ya dini ya mababu wa mbali wa watu wake.

Wakati huo wataalamu wa lugha walikuwa wamekwisha kugundua jambo la kweli: Kisanskriti, Kigiriki, Kilatini na Kijerumani ni lugha za ukoo mmoja, kama vile Kiswahili, Kilingala na Kiluba zilivyo za ukoo mmoja. Watu wa kale walionena Kisanskriti walijiita Arya, maana yake watukufu. Basi wengine huko Ulaya wakaruka kutoka katika lugha wakaingia katika damu. Walisema ya kwamba palikuwa na kabila moja la Waarya, bora kuliko makabila yote, ya kwamba Wajerumani ni watoto wao halisi, na ya kwamba swastika ni chapa ya damu yao.

Hayo yalikuwa uongo. Lugha si damu. Mtoto wa Kihemba akilelewa Bukavu atasema lugha ya Bukavu, wala damu yake haigeuki. Lakini uongo huo uliwapendeza watu wenye kiburi, na baada ya Ujerumani kushindwa katika vita ya 1914 hata 1918, watu wenye uchungu walitafuta wa kumlaumu. Wakawalaumu Wayahudi. Vikundi vidogo vya watu hao vikaanza kuivaa swastika, kuwa ni alama ya kuwachukia Wayahudi.

Ni haki kusema pia ya kwamba katika miaka hiyo watu wengine wengi waliitumia pasipo ubaya wowote. Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, aliyezaliwa Uhindi, aliiweka katika vitabu vyake. Ndege za jeshi la Finland zilipakwa swastika ya buluu tangu 1918. Katika nchi ya Kanada, jimbo la Ontario, mji mdogo ulipewa jina la Swastika. Kwao wote ilikuwa alama ya bahati njema.

5. Bendera ya Hitler

Mwaka 1920 chama cha Adolf Hitler, kilichoitwa kwa kifupi cha Wanazi, kilijichagulia bendera: kitambaa chekundu, duara jeupe katikati, na ndani ya duara swastika nyeusi iliyoinamishwa upande. Hitler mwenyewe alieleza maana yake katika kitabu chake Mein Kampf. Wekundu ulikuwa kwa ajili ya mashauri ya chama juu ya maisha ya watu, weupe kwa ajili ya taifa, na swastika kwa ajili ya ushindi wa «mtu wa Kiarya». Alisema wazi ya kwamba ushindi huo ni wa kupambana na Wayahudi. Hakuficha neno. Walioifuata bendera hiyo waliweza kusoma maana yake.

Watu wengine husema, «Hitler aliigeuza mikono ya alama, akaielekeza upande mbaya.» Si kweli. Huko Asia mikono huelekea kuume na kushoto pia. Hakuigeuza mikono, aliigeuza maana.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler alipata kuwa mkuu wa serikali. Mwezi wa Machi mwaka uleule kambi ya kufungia watu ilifunguliwa Dachau. Tarehe 15 Septemba 1935, katika mji wa Nuremberg, sheria tatu zilitangazwa siku moja. Ya kwanza iliifanya bendera ya swastika kuwa bendera ya taifa zima. Ya pili iliwaondolea Wayahudi haki ya kuwa raia. Ya tatu ilikataza ndoa kati yao na Wajerumani wengine. Tena ilikataza Myahudi asiitweke bendera hiyo. Oneni jinsi alama ilivyofanya kazi: iliwagawanya watu wa nchi moja, hawa ndani, hawa nje. Na mtu akiisha kuwekwa nje, wamchukiao hawaoni tena vigumu kumpiga, kumfukuza, na mwisho kumwua.

Vita ikaanza tarehe 1 Septemba 1939. Mwezi wa Mei 1940 Ubelgiji ikashambuliwa, na kwa njia hiyo Kongo nayo ikavutwa vitani. Askari Wakongomani wa Force Publique walipigana Ethiopia na jeshi la Italia, rafiki wa Hitler, hata jeshi hilo likajitoa mikononi mwao huko Saio, mwezi wa Julai 1941. Wakati huohuo, chini ya bendera ya swastika, Wayahudi wapata milioni sita, wanaume, wanawake na watoto wachanga, waliuawa kwa risasi, kwa njaa na kwa gesi ya sumu. Waliuawa pia Waroma, ambao wengine huwaita Wajipsi. Waliuawa vilema na wagonjwa wa akili, na Wapolandi na Warusi wasiohesabika.

6. Misalaba miwili

Hapa ndugu mkatekumeni atauliza: «Je, Ujerumani haikuwa nchi ya Wakristu?» Ilikuwa. Wajerumani karibu wote walikuwa wamebatizwa, ama Wakatoliki, ama Waprotestanti. Lazima tuseme kweli yote.

Kabla ya 1933, maaskofu Wakatoliki kadhaa wa Ujerumani waliwakataza waamini wasijiunge na chama cha Hitler. Alipopata utawala na kuahidi kuliheshimu Kanisa, maaskofu waliondoa makatazo hayo, mwezi wa Machi 1933, na mwezi wa Julai mwaka uleule mapatano yakatiwa sahihi kati ya Roma na serikali yake. Ahadi zake hazikutimizwa. Kati ya Waprotestanti, kundi lililojiita Wakristu Wajerumani liliichora swastika katikati ya msalaba, kana kwamba mambo hayo mawili yapatana. Watu wengi walikwenda kanisani asubuhi, na jioni walisimama wakiisalimu bendera.

Papa Pio XI aliona hatari. Aliandika barua, si kwa Kilatini kama desturi, ila kwa Kijerumani, ili kila mtu huko aielewe. Yaitwa Mit brennender Sorge, maana yake «Kwa wasiwasi unaounguza». Iliingizwa nchini kwa siri, ikachapwa kwa siri, na siku ya Dominika ya Matawi, tarehe 21 Machi 1937, ikasomwa katika makanisa Katoliki ya Ujerumani. Ilifundisha ya kwamba atukuzaye kabila, au taifa, au serikali, kana kwamba ndiyo Mungu, huyo aabudu sanamu. Serikali ilikasirika, ikawanyang'anya wachapaji mitambo yao.

Mwezi wa Mei 1938 Hitler alifika Roma kumzuru Mussolini, na mji ukapambwa kwa bendera za swastika. Baba Mtakatifu alikuwa amekwisha kuondoka Roma kwenda Castel Gandolfo, na nyumba za makumbusho za Vatikano zilifungwa. Hitler aliingia Roma tarehe 3 Mei, siku ambayo Kanisa lilikuwa likiadhimisha Msalaba Mtakatifu. Papa akasema kwa huzuni ya kwamba siku hiyo Roma imeinuliwa msalaba mwingine, usio msalaba wa Kristu.

Tazameni misalaba hiyo miwili. Msalaba wa Kristu ulikuwa kwanza chombo cha aibu, mti wa kuwaulia watumwa na waasi. Aliyekufa juu yake hakumwua mtu, aliwaombea waliomsulubisha; kwa hiyo alama ya aibu ikawa ya heshima. Swastika ilikuwa alama ya heri. Waliojifunika nayo waliwaua wasio na kosa, kwa hiyo alama ya heri ikawa ya aibu. Njia ni ileile, imepitwa kwa pande mbili. Katika habari zote mbili, matendo ndiyo yaliyoiandika maana.

Wapo waliojua kuchagua. Mapadri Wakatoliki zaidi ya 2,000 walifungwa Dachau, na wengi walikufa huko. Askofu Clemens August von Galen wa Münster alisimama mimbarini mwezi wa Agosti 1941, akashtaki wazi mauaji ya wagonjwa wa akili. Hao walikuwa wachache, na uchache wao ni huzuni kwetu.

7. Waliokuwa na alama hiyo zamani walifanya nini?

Fikirini uchungu wa mtu aliyerithi kitu kizuri kwa mababu, kisha mwizi akakiiba na kukitumia katika uuaji. Akirudishiwa, afanye nini nacho? Mataifa yalijibu kwa njia mbalimbali.

Tarehe 28 Februari 1940, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, wajumbe wa makabila manne ya wenyeji wa Amerika, Wanavaho, Wapapago, Waapache na Wahopi, walitia sahihi hati. Walitangaza ya kwamba alama hiyo, iliyokuwa kwao ya urafiki tangu mababu, imetiwa unajisi na taifa jingine. Kwa hiyo hawataifuma tena katika mablanketi na vikapu vyao. Waliacha mali yao wenyewe, kwa kuwahurumia watu wasiowajua.

Jeshi la Marekani lilikuwa na kikosi kikubwa, Divisheni ya 45, kilichoshonewa mabegani swastika ya manjano tangu 1924, kwa kuwaheshimu wenyeji hao wa Amerika. Mwaka 1939 waliivua, wakashona badala yake ndege wa radi, naye pia ni wa masimulizi ya wenyeji hao. Na tarehe 29 Aprili 1945 askari wa divisheni hiyohiyo walikuwa kati ya wale waliofungua milango ya Dachau. Kama wasingaliivua, wafungwa wale wangalitazama mabega ya wakombozi wao na kuona alama ya watesi.

Finland iliiondoa katika ndege zake mwaka 1945. Lakini wenyeji wa ule mji wa Ontario walifanya vingine. Mwaka 1940 serikali ya jimbo ilipotaka kuubadili jina uitwe Winston, walikataa, wakisema ya kwamba walikuwa na jina hilo kabla ya Hitler. Nao Wahindu, Wajaini na Wabuddha hawakuiacha kamwe, kwa kuwa kwao si pambo la nguo, ni sehemu ya sala.

Je, nani alifanya vema? Aliyeiacha alifanya tendo la huruma. Aliyebaki nayo kwa nia safi hakukosa.

8. Mambo ya siku hizi

Mwezi wa Aprili 1945 askari wa Marekani walilipua kwa baruti swastika kubwa iliyokuwa juu ya uwanja wa mikutano wa Wanazi huko Nuremberg. Jiwe lilianguka, lakini maana haikuanguka. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo wako watu, Ulaya na Marekani, wanaoichora usiku kwenye kuta za masinagogi na juu ya makaburi ya Wayahudi, nao wajua vema wanalolisema. Katika Ujerumani, mtu aionyeshaye hadharani aweza kufungwa gerezani hata miaka mitatu. Lakini kuionyesha kwa ajili ya kufundisha historia kumeruhusiwa, na mahakama kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2007 ya kwamba kuivaa ikiwa imepigwa mstari wa kuikataa si kosa.

Sheria ngumu zikitungwa ovyo zaweza kumwumiza asiye na hatia. Kwa hiyo jimbo la Victoria, katika nchi ya Australia, lilipotunga sheria mwaka 2022 ya kukataza alama ya Wanazi, liliandika ya kwamba Wahindu, Wajaini na Wabuddha waendelee kuitumia swastika yao katika dini. Nao viongozi wa dini ya Kihindu na wa dini ya Kiyahudi walipokutana Yerusalemu mwaka 2008, walikubaliana ya kwamba swastika ya Wahindu ni alama ya kale ya heri, wala haina shirika na Hitler. Hao ndio waliokuwa na haki kuliko wote ya kuichukia, nao walikubali kusikiliza kwanza.

9. Tukumbuke nini?

Kwanza: alama haina nguvu yenyewe. Mchoro haukumwua mtu, wala haukumponya mtu. Watu ndio waliotenda.

Pili: uonapo alama, uliza mambo matatu: Nani ameichora? Ameichora wapi? Anataka nini? Swastika mlangoni mwa Mhindu ni sala ya heri. Swastika ukutani mwa sinagogi ni tisho la kifo. Mistari ni ileile, maneno ni mbali kama mbingu na nchi. Tena usiichore kwa mchezo, wala usivae nguo yenye alama ya Wanazi kwa sababu tu imekuja katika mafurushi ya mitumba na rangi yake yapendeza. Kuna mtu ambaye mama yake aliuawa chini ya alama hiyo.

Tatu: jihadharini na bendera, wimbo, kitambaa au jina la kikundi liwaambialo, «Sisi ni watu, wale si watu.» Hitler hakuanza na kambi za kifo. Alianza na uongo juu ya damu, kisha bendera, kisha sheria, kisha gereza. Katika nchi zetu pia vijana huitwa na vikundi vyenye alama nzuri na majina matamu. Mkiitwa, ulizeni kwanza bendera hiyo yamweka nani nje.

Nne: alama ya msalaba iliyo kwenye paji la uso wako haitakulinda kama vile hirizi. Wengi walioua huko Ulaya walikuwa nayo. Yakupasa kuijaza kila siku kwa matendo, ili mtu akuonaye ukijitia alama hiyo asipate sababu ya kuiogopa.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista

1. Neno swastika lina maana gani katika Kisanskriti?
2. Wajaini huonyesha nini kwa mikono minne ya swastika?
3. Kwa nini ni kosa kusema ya kwamba watu wa lugha za ukoo mmoja ni watu wa damu moja?
4. Ni sheria gani tatu zilizotangazwa Nuremberg tarehe 15 Septemba 1935? Bendera na uraia vilihusianaje siku hiyo?
5. Papa Pio XI alisema nini Hitler alipofika Roma? Kwa nini siku yenyewe ilikuwa na maana?
6. Makabila manne ya Arizona yaliacha alama yao; Wahindu hawakuiacha. Elezeni sababu za kila upande.
7. Katika kijiji chetu, ni alama gani, au jina gani, au wimbo gani, huwafanya jirani wengine wajione wamewekwa nje? Tufanye nini juu yake?